Kutoka Adelaide hadi juu ya Rwetyepme: siku sita za safari

Siku ya kwanza

Tuliondoka Adelaide saa kumi na moja alfajiri, mimi na wifi yangu, gari likiwa limejaa mpaka dirisha la nyuma limezibika. Hema, jiko la gesi, lita 40 za maji, tairi mbili za akiba, na mfuko wa unga wa sembe ambao wifi alisema bila huo yeye haendi popote. Ana miaka kumi na minne Australia na hajawahi kuvuka Port Augusta. Mimi nina sita. Kila mwaka tunasema mwaka huu tutaingia katikati ya nchi, kila mwaka zamu za kazi zinatukatalia. Safari hii tuliomba likizo pamoja, mwezi Julai, wakati jangwa lina baridi na mtu anaweza kupanda mlima bila kuchomwa na jua.

Mlima tunaoufuata ramani inauita Mount Sonder. Wenyeji wake wa asili, Waarrernte wa magharibi, wanauita Rwetyepme. Kufika Alice Springs tu ni kilomita 1,530, kisha unaelekea magharibi kilomita 150 na ushei. Mwanangu aliniuliza kwa nini twende kote huko kwa ajili ya kupanda mlima ambao hata haufiki robo ya Kilimanjaro. Ni kweli, una mita 1,380 tu. Nilimjibu kwamba nimeuona kwenye picha ya rangi za maji iliyotundikwa ukutani hospitalini ninakofanya kazi, nikipita chini yake kila siku kwa miaka mitatu. Mlima wa zambarau, miti myeupe mbele yake. Nilidhani mchoraji ametia chumvi. Nilitaka kuona mwenyewe.

Port Augusta ndipo ghuba inapoishia. Ukishaipa mgongo, barabara ya Stuart inanyooka kaskazini na miti inaanza kupungua mmoja mmoja. Karibu na Pimba tukapita ziwa la chumvi, Lake Hart, jeupe pee mpaka upeo wa macho, reli ikilizunguka pembeni. Kati ya Glendambo na Coober Pedy kuna kilomita 250 hivi ambazo huwezi kununua hata tone la mafuta, kwa hiyo tulijaza tangi na dumu kabla. Tuliendesha kwa zamu.

Usiku tukalala Coober Pedy, chini ya ardhi. Mji huu ni wa wachimbaji wa opali, mawe yaliyogunduliwa hapa mwaka 1915, na kwa ajili ya joto la kiangazi watu wengi wamechonga nyumba zao ndani ya kilima. Chumba chetu hakikuwa na dirisha. Kuta zilikuwa na mistari ya mashine iliyochimba, mithili ya alama za vidole kwenye udongo. Wifi alizima taa, akasema giza la namna ile hajaliona tangu utoto wake kijijini.

Siku ya pili

Karibu kilomita 690 hadi Alice Springs. Sina mengi ya kuandika juu ya barabara, isipokuwa mambo mawili.

La kwanza ni malori. Huku lori moja linavuta matela matatu, manne, na urefu wake unaweza kufika mita 53. Likikupita kwa upande wa pili, gari linasukumwa na upepo kama mtumbwi uliopitwa na meli. Ukitaka kulipita wewe, unahitaji barabara nyeupe mbele yako kilomita nzima na zaidi, na roho ngumu.

La pili ni tai. Kangaruu wanaogongwa usiku hulala kando ya lami, na asubuhi tai wakubwa wenye mkia uliochongoka huja kula. Ni wazito, na wakishashiba huchelewa kuruka. Wifi alipunguza mwendo hadi karibu kusimama, na tai mmoja akabaki ametukodolea macho mita chache tu, mabawa yamefunguka nusu, manyoya ya shingoni yana rangi ya dhahabu. Hakuwa na hofu yoyote. Sisi ndio tuliosogea pembeni.

Ukivuka mpaka wa kuingia Northern Territory kibao cha mwendo kinapanda kutoka 110 hadi 130. Sisi hatukupanda. Jioni tukaingia Alice Springs kupitia pengo la mlima linaloitwa Ntaripe, ambapo barabara, reli na mto vimebanana kwenye upenyo mmoja. Mto wenyewe, Todd, haukuwa na maji. Ulikuwa mchanga mtupu, na watu wameketi ndani yake chini ya miti, wakizungumza.

Siku ya tatu

Siku ya kupumzika na kununua mahitaji. Asubuhi tulipanda kilima cha Anzac, ambacho kiko katikati ya mji, na kwa dakika kumi tu unaona mji wote na safu ya milima inayoukata kusini mfano wa ukuta. Waarrernte wanaiita sehemu hii Mparntwe. Wazungu walijenga hapa kituo cha simu ya maandishi mwaka 1872, kwenye waya uliopita katikati ya bara kutoka Port Augusta hadi Darwin, na mji ukaanzia hapo. Kabla ya reli, mizigo ilikuja kwa ngamia, na waongoza ngamia walitoka upande wa Afghanistan na India ya wakati ule. Walikuwa Waislamu wengi wao, wakaacha misikiti na mitende na wajukuu. Treni ya leo inayopita hapa inaitwa The Ghan kwa kumbukumbu yao.

Mchana tuliteremka mtoni kwa miguu. Hapo ndipo nilipoona mambo mawili yaliyonifuata safari yote.

Miti iliyojipanga kando ya mchanga ilikuwa mikaratusi. Najua, Australia ndiyo kwao mikaratusi, kila mtoto wa shule anajua. Lakini mimi nimezaliwa mkoa wa Dodoma, na mkaratusi kwangu ni mti wa uani kwa bibi na wa kando ya barabara ya kwenda shule. Aina hii hii ya mtoni, yenye gome linalobanduka na kuacha mabaka ya rangi ya ngozi, ndiyo iliyopandwa sana sehemu kavu za kwetu. Nikaweka kiganja kwenye shina. Lilikuwa nene kiasi kwamba watu watatu wasingeweza kulikumbatia. Kule kwetu tunaukata kabla haujazeeka, kwa hiyo sikuwa nimewahi kukutana na mzee wa ukoo ule.

Jambo la pili lilikuwa chini ya miti. Nyasi. Mashungi ya manjano yaliyokauka, vichwa vyake kama mkia mdogo wa paka, vimejaa kila mahali hadi kwenye kingo za mto. Nikachuma kichwa kimoja, nikakivuta kati ya vidole, zile mbegu zenye manyoya zikabaki mkononi. Nilizijua kabla hata sijafikiri. Tukiwa watoto tulikuwa tunazivuta hivyo hivyo na kuwarushia wenzetu nguoni.

"Wifi," nikasema, "hizi nyasi za kwetu zimefikaje huku?"

Akaniangalia kama niliyepatwa na homa. Jioni nilizitafuta kwenye simu. Huku zinaitwa nyasi za buffel. Asili yake ni Afrika na sehemu za Asia. Mbegu za kwanza zilikuja ndani ya matandiko ya ngamia, karne ya kumi na tisa. Baadaye wataalamu wa mifugo wakazileta kwa makusudi, na miongoni mwa aina walizozichagua moja ilichukuliwa Kenya na nyingine, katika miaka ya 1930, ilichukuliwa Dodoma.

Nilisoma mstari huo mara tatu.

Siku ya nne

Tulishika barabara ya magharibi, safu ya milima ya MacDonnell ikiwa mkono wa kulia. Wenyewe wanaiita Tjoritja. Inaendelea mamia ya kilomita, mgongo mmoja mwembamba wa mawe mekundu, na kila baada ya mwendo mto wa kale umeupasua na kuacha korongo lenye kidimbwi cha maji. Tulisimama kwenye korongo la Simpsons Gap tukaona walabi wadogo wa mawe, jamii ya kangaruu, wakiruka kwenye vifusi, kisha Ellery Creek ambako maji ni baridi mpaka mifupa inauma. Wifi aliingia miguu. Mimi nilinawa uso, basi.

Mahali nilipokaa sana ni Ormiston. Kulikuwa na mhifadhi mmoja, mwanamama wa makamo, na vijana wawili, wameinama kwenye mchanga wanang'oa nyasi kwa jembe na kuzitia kwenye mifuko. Nikamsogelea, nikamwamkia, nikamwambia kwamba nyasi zile zinatoka kwetu. Aliinuka taratibu, akajishika kiuno, akanitazama vizuri.

Alinieleza kazi yao bila haraka. Miaka ya 1960 na 1970, baada ya ukame mkali, Alice Springs ilikuwa inamezwa na vumbi, na mbegu za buffel zikamwagwa ili kuushika udongo. Zikaushika kweli. Vumbi likatulia. Ila hazikuishia pale zilipopandwa. Zilifuata mito, zikaingia makorongoni, zikazisonga nyasi na maua ya asili ambayo mizizi yake haikuzoea kubanwa. Ubaya wake mkubwa ni moto. Nyasi za asili hukua kwa mashungi yaliyoachana, udongo mtupu katikati, hivyo moto hufika ukakwama. Buffel hujaza zile nafasi, na moto wake ni mkali, hupanda mpaka kwenye mikaratusi ya mtoni ambayo imeishi karne kadhaa. Ukishaungua, mti hauanguki siku hiyo. Unabaki umesimama na tundu jeusi chini, kisha siku ya upepo unalala. Wafugaji bado wanazipenda kwa ng'ombe, alisema, na kwa upande wao ni kweli zinalisha. Northern Territory ilizitangaza kuwa gugu mwaka 2024.

Nikamuuliza wakimaliza korongo hili wataanza lipi. Akasema hawajawahi kumaliza hili. Mvua ikinyesha wanarudi mwanzo.

Tulichukua jembe la ziada. Tuling'oa naye kwa saa moja, mimi na wifi. Shungi moja la buffel lina mizizi migumu inayoshikilia udongo kama kucha. Inabidi ukate kwa chini kabisa, uvute, ukung'ute, na kabla hujainuka umeshaona lingine. Kwetu nyasi hizi zina wanaozila, kuanzia mchwa hadi ng'ombe na swala, zina magonjwa yake, zina mipaka. Huku zilifika peke yake bila adui. Sikusikia aibu hasa, maana si mimi niliyezipakia melini. Lakini niliona vigumu kuondoka.

Jioni, ukipita Glen Helen kidogo, kuna mahali palipotengenezwa juu ya kilima ili watu waegeshe gari na kuutazama Mlima Sonder. Chini yake unaona mto Finke, ambao Waarrernte wanauita Larapinta, ukipinda kwenye mchanga mweupe na mistari ya mikaratusi. Na ng'ambo yake, mlima.

Watu husema umbo lake ni la mwanamke mjamzito aliyelala chali. Nilikuwa nimelisoma nikadhani ni maneno ya watalii. Kisha jua likashuka, na kivuli kikaanza kuchora. Kichwa upande huu, shingo, kifua, tumbo lililoinuka. Hakuna aliyehitaji kunielekeza. Wifi, ambaye ni mkunga kwa miaka ishirini sasa, alitazama kimya kirefu akasema, "Miezi minane. Amechoka, mwacheni alale."

Rangi zilibadilika tukiwa tumesimama. Kwanza kutu, kisha waridi, kisha ile zambarau ya ukutani hospitalini. Ilikuwa ile ile hasa. Mchoraji, Albert Namatjira, hakutia chumvi hata punje.

Tukapiga hema Redbank, kilomita ishirini na kitu mbele, tano za mwisho zikiwa za mawe yanayogonga chini ya gari. Tulisonga ugali kwenye jiko la gesi, tukala na maharage ya kopo na kitunguu kibichi. Tulilala saa mbili usiku, nguo zote mwilini.

Siku ya tano

Saa nane na nusu usiku wifi alinigusa bega. Maji yaliyobaki kwenye kikombe yalikuwa yameganda juu. Tulivaa tochi za kichwani, kila mmoja akabeba lita tatu za maji, na saa tisa kamili tukavuka mchanga wa kijito na kuanza kupanda.

Njia ni kilomita nane kwenda na nane kurudi. Hii ndiyo sehemu ya mwisho ya njia ndefu ya miguu, Larapinta Trail, inayoanzia Alice Springs na kumalizikia kileleni hapa baada ya kilomita zaidi ya 220. Mwanzo wake ndio unaokomesha watu. Ni ngazi za mawe zisizo sawa, goti linapanda hadi kifuani, na gizani huoni mwisho wake, unaona tu duara la tochi na jiwe linalofuata. Baada ya kama saa moja na nusu unafika mgongoni mwa mlima, na kutoka hapo unapanda polepole, polepole, bila kuisha.

Mawe ni ya kwatsi, magumu, yana kingo kama vigae vilivyovunjika. Hapo juu ya mgongo ndipo soli ya kiatu cha wifi cha kulia ilipobanduka kuanzia kwenye vidole. Ikawa inapiga kofi kila hatua. Alikaa kwenye jiwe, nikamshikia tochi, akakizungushia kamba ya hema mara tano na kufunga fundo juu ya kifundo cha mguu. Nilimuuliza kama turudi. Hakunijibu, alisimama akaanza kutembea mbele yangu.

Tulipozima tochi ili tupumzike, ndipo nilipoliona anga. Mwezi ulishazama zamani. Nyota zilikuwa nyingi mpaka zile nilizozijua zilipotea kati ya nisizozijua. Nikageuka kaskazini mashariki, na juu ya ukingo wa dunia nikakiona Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota, kinametameta kama makaa.

Bibi yangu alikuwa akikitafuta Kilimia kujua majira ya shamba. Ndipo lilipotoka jina lake, kulima, na ndiyo maana wazee wakasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Watu wa majangwa haya ya kati nao wanakijua tangu enzi. Kwao ni akina dada saba wanaokimbia mwanamume anayewafuatia nchi nzima, wakapita hapa, wakachimba maji pale, wakaacha alama kwenye miamba, mpaka wakaruka angani, naye bado yuko nyuma yao. Hadithi hiyo ni ramani pia. Anayeijua anajua maji yalipo kutoka upande mmoja wa jangwa hadi mwingine. Nilimweleza wifi. Tulikaa pale wanawake wawili mgongoni mwa mwanamke aliyelala, tukawatazama wale saba wakipanda.

Baridi ikatuinua.

Mlima huu una vilele vya uongo. Unasema ni kile pale, unafika, kuna kingine. Mara tatu hivi. Mashariki kukaanza kupauka, tukaongeza mwendo, kamba ya wifi ikikwaruza mawe. Saa moja kasoro dakika chache tukafika kwenye rundo la mawe na bamba la chuma linaloonyesha pande zote. Kilele chenyewe hasa kiko ng'ambo ya pengo, juu kidogo kuliko tuliposimama, na njia haiendi huko. Sikuhisi kupungukiwa.

Jua lilitokea dakika kumi hivi baada ya saa moja. Nilikuwa nimejiandaa kulitazama lenyewe, kumbe la kutazama lilikuwa nyuma yangu. Upande wa magharibi, kivuli cha mlima wote kililala juu ya tambarare, pembetatu ya buluu yenye ncha kali, ndefu kuliko nilivyodhani kivuli kinaweza kuwa. Ncha ilifika mbali sana, kisha ikaanza kurudi kwetu, taratibu, huku nchi iliyoachwa wazi ikishika moto. Kaskazini magharibi Mount Zeil, ambao kwa mita 1,531 ni mrefu kuliko yote ya Northern Territory, ulikuwa mwekundu kuanzia utosini. Kusini magharibi, katikati ya ubapa, kulikuwa na duara la vilima, limekaa peke yake. Bamba lilisema Gosse Bluff. Mashariki migongo ya Tjoritja ilipangana mmoja nyuma ya mwingine mpaka ikawa moshi.

Hakuna nyumba. Hakuna taa. Watu wa mijini huku wanaposema kuhusu sehemu hii hupenda kusema hakuna kitu. Nimelisikia neno hilo pia likisemwa juu ya nyika ya kwetu, na waliolisema huwa wanakaribia kuchukua kitu. Kutoka juu nilihesabu nilivyoweza kuvitaja. Mto wenye jina, korongo lenye jina, mlima ambao ni mama, duara ambalo nitasimulia kesho. Na pia, kando ya kila mkondo wa mchanga, mstari wa manjano iliyofifia uliotofautiana na kijani cha kijivu cha nyasi za miiba za spinifeksi. Huwezi kuujua kama hujafundishwa kuutazama. Mimi nilikuwa nimefundishwa jana yake kwa jembe.

Kuna daftari la wageni. Wifi aliandika majina yetu, na chini yake, kwa Kiswahili, akaandika: Tumefika salama, tumekuta mzima. Sikumuuliza nani mzima.

Kuteremka kulituchukua saa nne kwa sababu ya kiatu. Nzi waliamka na jua na kuingia machoni, puani, kwenye chai. Hilo sina zaidi la kusema.

Siku ya sita

Magoti yalikataa asubuhi, kwa hiyo siku hii ilikuwa ya gari. Tuliendelea magharibi hadi kituo cha kutazamia cha Tylers Pass, na pale lile duara tuliloliona toka kileleni likawa mbele yetu, karibu, limejifunga kama boma.

Wanasayansi wanasema kitu kutoka angani, kimondo au nyota yenye mkia, kiliipiga dunia hapa miaka milioni 142 iliyopita na kuchimba shimo la upana wa kilomita 20 hivi. Shimo lenyewe limeliwa na upepo na maji. Duara la leo, upana wake kilomita tano, ni mawe ya chini kabisa yaliyoruka juu katikati ya pigo na kubaki.

Waarrernte wa magharibi wanapaita Tnorala, na maelezo yao yameandikwa pale pale kwa ajili ya kila mgeni. Zamani kundi la wanawake lilikuwa likicheza ngoma angani, wao ndio nyota, ndani ya ule mkanda mweupe unaokata anga. Mama mmoja alichoka, akamweka mtoto wake kwenye turna, chombo cha mti cha kubebea. Wakicheza, turna likateleza, likaanguka duniani, na pigo lake likayasukuma mawe juu. Mtoto hakuonekana tena. Mama ndiye nyota ya jioni, baba ndiye nyota ya asubuhi, na bado wanamtafuta.

Nilisoma nikalazimika kurudia. Watu hawa walijua kwamba kilichoumba duara hili kilianguka kutoka juu. Wifi hakushughulika na hilo. Alichosema ni kwamba wazazi wale hawakutani, mmoja yuko jioni na mwingine alfajiri, na hakuna mbaya wa kumlaumu. Amepokea watoto wengi, na si wote waliolia. Alikwenda kukaa ndani ya gari kidogo. Tnorala ni mahali pa msiba pia kwa sababu nyingine, watu waliuawa hapa zamani, na hakuna ruhusa ya kulala. Tuliingia, tukatembea kimya, tukatoka.

Barabara ya kurudi inapita Ntaria, ambayo ramani inaiita Hermannsburg. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani waliianzisha mwaka 1877. Kanisa lao, kuta nyeupe za chokaa na mapaa ya bati na mitende uani, lingeweza kuwa misheni yoyote ya zamani huko Moshi, nikasahau niko wapi kwa muda. Hapa ndipo alipozaliwa Namatjira mwaka 1902. Alijifunza rangi za maji kwa mchoraji mmoja wa kizungu, Rex Battarbee, mwaka 1936, na mwaka 1938 maonyesho yake ya kwanza Melbourne yaliuza picha zote. Alipewa uraia mwaka 1957, katika nchi ya babu zake, wakati ndugu zake wengi hawakuwa nao. Mwaka uliofuata alihukumiwa kwa kushiriki pombe na jamaa yake, jambo ambalo uraia ule ulimruhusu yeye na kuwakataza wao. Alifariki mwaka 1959. Wajukuu na watu wa ukoo wake wanachora mpaka leo, na nilinunua picha ndogo ya kiganja kutoka kwa mama mmoja dukani. Rwetyepme, na mkaratusi mmoja mweupe.

Usiku tulipiga hema kwa mara ya mwisho karibu na Alice Springs. Wifi aliwasha kuni, kisha akavua soksi ili zikauke, akazigeuza mwangani. Zilikuwa zimejaa mbegu za buffel, zimejisokota kwenye sufu toka nje hadi ndani, na kwenye pindo za suruali, na kwenye ile kamba ya kiatu.

Tukaketi karibu na moto na kuanza kuchambua, moja moja, kwa kucha. Suruali, soksi, mikoba, hema, zulia la gari. Kila mbegu tuliyoitoa tuliitupa kwenye makaa, ikawaka kidogo na kuzimika. Ilituchukua mpaka saa tano.